Msajili wa Nukta Pwani

Nianze kwa kusema wazi kwamba nilimwonea wivu, maana watu wa mtaa wetu wa Dunda wananijua, na nisiposema mimi watasema wao. Nilimwonea wivu miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, siku za kazi na sikukuu, hata mwezi wa Ramadhani ambao mtu anatakiwa ajizuie na mengi zaidi ya chakula. Kwa hiyo anayesoma haya na ayasome akijua anasimuliwa na mtu mwenye kijicho. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nitajitahidi kumpa yake, ingawa roho itaniuma nikiandika.

Sisi ofisini tulimwita Msajili, na mjini wakamwita Bi Msajili. Alikuwa mama mtu mzima tayari alipokuja kwetu, mrefu, mwembamba, baibui limepigwa pasi hadi linakaribia kusimama lenyewe, miwani imefungwa kamba shingoni. Sauti yake ilikuwa ndogo. Watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie, na mimi mwenye sauti ya muadhini sikuwahi kunyamaziwa na mtu.

Kazi yetu inataka maelezo kidogo. Kila jina la mtandao lina mkia wake mwishoni. Ipo mikia ya dunia nzima, na kila nchi ina wake. Sisi watu wachache wa Bagamoyo tulitaka mkia wetu, nukta pwani, ili mwenye hoteli Pangani, mshona kofia wa mji mkongwe na kikundi cha akina mama Saadani wapate majina yanayoonyesha wanatoka wapi. Mwenye mkia ndiye mwenye daftari. Lazima ajue kila jina ni la nani, ahakikishe halitolewi mara mbili, na mitambo yake ijibu wakati wowote dunia ikiuliza. Kuuza majina ni kazi ya mawakala. Sisi tunashika daftari.

Na nani aliyeuhangaikia mkia huo mpaka ukapatikana? Mimi. Nilijaza maombi yenye maswali ambayo ukiyamaliza yanazaa mengine. Nilipanda na kushuka ngazi za ofisi za wilaya, mkoa na wizara, nikitafuta barua za kusema kwamba serikali haina kinyongo na jina hilo. Niliandaa mitambo miwili, mmoja Dar es Salaam na mwingine nchi ya mbali, ili mmoja ukizimika mwingine uendelee kujibu. Niliandika mkataba wa kupeleka nakala ya daftari letu kila siku kwa mtunzaji asiyetuhusu, ili sisi tukifilisika au tukigombana, majina ya watu yasizikwe pamoja nasi. Yote hayo niliyafanya mimi na shahada yangu ya kompyuta.

Siku kamati ilipokaa kumchagua Msajili wa kwanza nilivaa kanzu mpya. Mke wangu aliinyoosha mara mbili. Kiti kile nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilikuwa nimekwisha kukichagulia mahali karibu na dirisha, na kibao cha mlangoni nilikwisha kukichora kwenye kompyuta, jina langu kwa herufi kubwa na chini yake neno Msajili.

Mwenyekiti wetu, mzee wa mji mkongwe aliyefanya biashara ya mbao na karafuu maisha yake yote, alikohoa akasema, "Ndugu zangu, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Fundi huyu ametubebea mimba yetu vizuri, Mungu amlipe. Sasa tunataka mlezi."

Akamtaja mama mmoja aliyestaafu kazi ya kuandikisha vizazi na vifo. Alaa! Mtu ambaye hata barua pepe alikuwa akiandikiwa na mpwa wake! Nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote, mpaka viganja vikawasha. Na yeye aliposimama kushukuru alinitazama akasema, "Fundi, utanifundisha." Kuanzia siku ile jina la Fundi likanigandia, na hadi leo mjini hakuna anayekumbuka kwamba nina shahada.

Nilimfundisha. Alikuwa akisikiliza ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa akieleza maumivu yake. Aliandika kwa vidole viwili. Mitambo yetu aliiita "hao wawili", na kila asubuhi akiingia, baada ya salamu, aliuliza, "Hao wawili wameamkaje?" Nikimjibu kwa kitaalamu, kasi yake na joto lake na idadi ya maswali yaliyojibiwa, aliningoja nimalize kisha akauliza tena, "Lakini wameamka?" Nasema wameamka. "Alhamdulillahi," anasema, anakwenda kuweka maji ya mchaichai.

Nilijua siku yake ya kuaibika itafika. Nilidhani imefika pale wakaguzi wawili kutoka ng'ambo walipotuhoji kwa njia ya video kabla ya kuturuhusu kufungua. Walinihoji mimi kwanza, saa nzima, habari za mitambo, ulinzi na nakala. Nilijibu jasho likinitoka. Kisha wakamgeukia yeye, mkalimani akatafsiri: mkubwa wa serikali akipiga simu akuamuru ulifute jina la mtu alasiri hii, utafanyaje?

"Nitamwomba aandike," alisema.

"Akikataa kuandika?"

"Basi hakuamuru. Amepiga soga."

Niliwaona kule ng'ambo wakitazamana, kisha wote wawili wakaandika. Ripoti ilipokuja, jibu lake lilikuwa limenukuliwa neno kwa neno katika ukurasa wa kwanza. Kuhusu kazi yangu waliandika kwamba mitambo inaridhisha. Inaridhisha! Kama wali wa hotelini.

Jambo lililompa sifa mjini lilikuwa swali lake. Mimi nilikuwa nimetengeneza fomu safi kabisa ya mtandaoni, na mwishoni nimeweka kisanduku cha kutia alama: nathibitisha kwamba jina hili ni haki yangu. Aliisoma yote, akafika kwenye kisanduku, akacheka. "Kisanduku hakina haya, Fundi," akasema. "Mtu hukiri uongo mbele ya kisanduku. Mbele ya jirani yake hawezi."

Akaweka utaratibu wake. Atakayetaka jina la mtu, la kikundi au la biashara ya hapa kwetu, sharti alete mashahidi wawili, aje nao au wapigiwe simu. Kisha Msajili anawauliza swali moja tu: "Nani anamwita hivyo?" Alisema huko kwenye vizazi aliona mengi. Baba anakuja peke yake Jumatatu kumwandikisha mtoto jina alilolipenda yeye, Alhamisi bibi anakuja na fimbo na jina jingine, na mtoto huyo tayari mtaa mzima unamwita jina la tatu. "Vyeti nimetoa vingi," alisema, "na wengi wao ukiwaita kwa jina la kwenye cheti hawaitiki."

Mawakala walilalamika, haswa wa Dar. Mmoja alikuja mwenyewe, viatu vinang'aa, akasema, "Mama, shikamoo. Mama, duniani kote jina linapatikana kwa dakika moja."

"Marahaba mwanangu. Mwenye haraka na akasajili upepo."

Maneno hayo yalitoka nje ya ofisi siku ileile. Wiki haikuisha, bodaboda mmoja wa Dunda alikwisha kuyaandika nyuma ya pikipiki yake. Nimeandika kanuni, miongozo na mikataba kurasa kwa kurasa, na sijaona hata baiskeli iliyoandikwa sentensi yangu.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mchelewaji. Ofisi inafunguliwa saa mbili, yeye anaingia saa tatu kasoro, na mteja akichelewa dakika tano anamtazama kwa juu ya miwani hadi mtu anaomba radhi kwa makosa ambayo hakuyafanya. Alipenda umbeya kuliko halua. Nani kaachika, nani kaposa, nani kauza shamba la Ubena bila kuwaambia nduguze, yote alikuwa nayo, na aliyasimulia kwa ile sauti ndogo huku sote tumemwinamia. Lakini habari za kwenye daftari, nani kaomba jina gani na nani kanyimwa, hazikuwahi kutoka mdomoni mwake, hata kwa mwenyekiti. Na kwenye karata alikuwa mwizi. Wallahi, mwizi! Ofisini hapokei hata embe la mteja, nyumbani kwake anaficha karata ya mzungu wa nne chini ya paja, na ukimkamata anasema, "Hapa si ofisini." Nilipenda sana kumkamata. Wenzangu walicheka tu, wakazidi kumpenda.

Nyumbani mke wangu alichoka. Jioni moja niliweka kijiko chini nikaanza, "Leo unajua Msajili kafanya nini," akanikata. "Mume wangu, ukila unamtaja, ukivaa unamtaja, juzi usingizini umemtaja. Kama unataka kuniletea mke mwenza niambie mapema, nijue pa kuweka vyombo vyangu."

"Mke mwenza? Mama yule ananizidi miaka ishirini!"

"Basi mpende kidogo," akasema. "Chuki yako inatupozea chakula."

Sasa nisimulie ya dagaa, maana hapo ndipo alipoiiba hata aibu yangu akaigeuza sifa yake.

Mkia mpya haufunguliwi kwa wote siku moja. Kwanza wanaitwa wenye haki, wale waliokuwa wakilitumia jina tangu zamani, waje wachukue lao kabla walanguzi hawajaamka. Baadaye ndipo lango linafunguliwa kwa kila mtu, na anayewahi ndiye anayepata. Sisi tulikuwa kwenye kile kipindi cha wenye haki, na sisi watu wa pwani tuna maradhi yetu yanaitwa muhali. Mtu akikuomba jambo usoni, unashindwa kumwambia hapana. Unaona vibaya. Unasema ndiyo, halafu unamwachia Mungu.

Nilikuwa Saadani kwa mambo ya harusi. Kiongozi wa akina mama wanaokausha dagaa pale kijijini, mama mnene mwenye vicheko, akanishika mkono. "Mwanangu, hilo jina la dagaa huko kwenu si litakuwa letu?" Nikasema, "Bila shaka, mama." Siku chache baadaye nikaenda Ubena kumsalimia baba mkwe. Yeye ana banda lake pembeni mwa barabara kuu, anawauzia madereva wa malori vitunguu na dagaa wakavu. Alinichinjia kuku. Tulipoketi kula akachukua firigisi kwa mkono wake akaiweka kwenye sahani yangu, kisha akasema, "Mkwe wangu, nasikia mnagawa majina. Hilo la dagaa niwekee mimi." Nani angeweza kusema hapana na firigisi ya baba mkwe iko mdomoni? Nikasema, "Limekwisha hilo, baba."

Wakaja siku moja. Akina mama wa Saadani walikuja watatu, baba mkwe akaja na rafiki zake wawili, wote kwenye benchi letu moja, wanasalimiana kwa furaha na kuulizana habari za watoto, hakuna anayejua mwenzake kaja kwa ajili ya nini. Walipojua, sauti zikapanda.

"Huyu hapa Fundi alitwambia ni letu!"

"Alikuambieni nyinyi? Aliniambia mimi, nyumbani kwangu, ananilia kuku wangu!"

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona nikitazama viatu vyangu. Msajili alinitazama mara moja tu. Kisha akasimama, akasema kwa ile sauti yake, na ofisi nzima ikanyamaza kumsikia.

"Ofisi hii imekosea. Imeahidi kitu ambacho haikuwa na haki ya kukiahidi. Anayeiongoza ni mimi, kwa hiyo mimi ndiye ninayewaomba radhi. Mniwie radhi, wazee wangu na mama zangu."

Watu walibabaika. Baba mkwe akasema, "Aa, hapana, mama, hatukusema hivyo." Yeye akaketi, akaendelea na swali lake. Nani anawaita hawa Dagaa? Akina mama wakataja: kijiji chote, askari wa hifadhi, wachuuzi wa Dar, hata kwenye simu za wateja wao wameandikwa Mama Dagaa. Akamgeukia rafiki wa baba mkwe. "Na huyu mzee, huko barabarani wanamwita nani?"

Rafiki yake akajikuna. "Kusema kweli, bibie, madereva wanamwita Mzee Kitunguu."

Ofisi ikacheka, na baba mkwe mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote. Aliondoka na jina la kitunguu, amelikunja kwenye bahasha kama hati ya kiwanja, akimsifu Msajili tangu mlangoni hadi Chalinze. Mimi alinipigia baadaye. "Yule mama ana haki," akasema. "Wewe mkwe wangu una mdomo tu."

Msajili hakulitaja tena jambo lile. Hakunifokea, hakunipa barua, hakuwaambia kamati. Na mimi sikumshukuru. Hilo nataka lieleweke. Mtu kaniokoa, na mimi nilichokiona ni kwamba hata kosa langu limempa yeye heshima, na kwamba kamati ikisikia habari hii kile kiti nitakisikia kwenye bomba.

Baada ya hapo akaweka kanuni mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba mtumishi yeyote, akiwemo yeye, hachukui jina kwa ajili yake wakati yuko kazini. Ya pili ilihusu orodha ya zuio. Kila mwenye daftari ana orodha ya majina ambayo hayatolewi kwa mtu: majina ya misikiti, ya makaburi, ya miji, na matusi. Aliogopa kwamba sisi wenye muhali tutaanza kuwafichia watu majina humo. Akaamua kwamba mtu akija kudai jina lililozuiwa, yule aliyelizuia sharti aandike sababu ya kweli kwenye fomu kwa mkono wake, mbele ya mwombaji na mashahidi wake, nao waisome. Nilijiambia kanuni hiyo imetungwa kunikomoa.

Miaka ikaenda. Majina yakaongezeka, hao wawili wakaamka kila siku, na kamati ikafanya karamu ya kushukuru. Kulikuwa na biriani chini ya hema. Mwenyekiti akasimama akatangaza zawadi. Msajili na wifi yake, pamoja na wanawake wa mtaani kwao, hushona kofia za mkono, na kofia hizo zinajulikana hadi Unguja kwa jina lake la nyumbani, lile aliloitwa tangu utoto, ambalo mimi hapa silitaji. Mwenyekiti akasema kamati imeamua kumpa jina hilo nukta pwani, bila benchi wala mashahidi, maana nani asiyejua?

Alisimama akajifuta mikono. "Ahsanteni sana," akasema. "Lakini nikiwa kitini sichukui. Nikitoka nitakuja kwenye benchi kama wengine."

Maashallah zikajaa hema. Mzee mmoja alitoa leso akafuta macho. Biriani ikanigeukia mchanga mdomoni. Nilifikiri, mtu huyu hata akikataa anapewa! Mimi ningekubali wangesema nina tamaa, ningekataa wangesema najidai. Niliacha sahani yangu, nikasema ninakwenda kuangalia mitambo.

Ofisini hapakuwa na mtu. Nilifungua orodha ya zuio, nikaandika jina lake la nyumbani. Penye sababu nikaandika: usalama wa mfumo. Haikuchukua hata dakika. Na nisidanganye, nilisikia raha. Nilirudi nikaomba niongezewe nyama.

Raha ile haikufika Ijumaa. Baada ya hapo nilitaka kulitoa jina, lakini kila hatua kwenye mfumo inabaki na jina la aliyeifanya, na kulitoa bila fomu kungeonekana kwenye taarifa ya kamati. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Nikalizoea, kama mtu anavyozoea jino bovu.

Magoti yake ndiyo yaliyomtoa kitini. Ngazi zetu zilimshinda. Kamati ilikaa, na safari hii sikuvaa kanzu mpya, lakini mwenyekiti akanitaja mimi. Nilipata kiti. Nilibandika kibao kile nilichokichora zamani. Nilikaa karibu na dirisha, mikono juu ya meza, nikaona ni meza tu. Wateja walikuwa wakiingia, wakinitazama nimekaa pale pale mbele yao, wakiuliza, "Bi Msajili yupo?"

Nilikuwa na miezi michache kitini alipokuja. Ilikuwa asubuhi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliwahi. Alipanda ngazi polepole, wifi yake nyuma, na nyuma ya wifi mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, jirani yao tangu wako watoto. Nilisimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo? Watoto? Hao wawili wameamka?"

"Wameamka. Karibu ndani, mama, usikae hapo."

"Nina zamu," akasema, akaketi kwenye benchi nyuma ya mwenye hoteli wa Pangani. Nilimhudumia yule mwenye hoteli kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumhudumia mtu. Nilimweleza mambo ambayo hakuyauliza. Mwishowe aliondoka, na zamu ikawa yake.

Aliweka karatasi zake mezani. Anataka jina lile la kofia. Ikabidi niulize, maana ndiyo kazi: "Nani anamwita hivyo?" Wifi akasema yeye na mtaa mzima. Mzee wa duka akasema, "Mimi tangu tunacheza gololi uani kwao. Hana jina lingine kwangu."

Nikaandika jina kwenye mfumo, nikijua litakavyonijibu. Likajibu. Limezuiwa, na limezuiwa na mimi. Nilifikiria kusema mashine imegoma. Nilifikiria kusema waje kesho. Muhali ulinishika kabisa, nikajificha nyuma ya kioo cha kompyuta.

"Limezuiwa, Fundi?" aliniuliza.

"Limezuiwa, mama."

"Basi toa fomu."

Niliitoa kwenye droo. Nikamuuliza, maana nilikuwa nimekwisha kuona usoni mwake, "Ulikuwa unajua?"

"Orodha nilikuwa naisoma kila mwezi. Jina kwa jina. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu."

"Mbona hukusema?"

"Lilikuwa langu. Mtu hajihukumii yake mwenyewe. Nilingoja nitoke."

"Na kamati... mwenyekiti aliniambia wewe ndiye uliyesema wanipe kiti."

"Nilisema kweli. Hakuna anayeujua mfumo huu kama wewe. Hilo lilikuwa jambo lingine, na hili jambo lingine. Andika, mwanangu, wifi ana mchuzi jikoni."

Nikashika kalamu. Penye sababu pana mistari mitatu. Niliandika neno moja: Wivu. Nikamsogezea. Alivaa miwani, akasoma, akampa wifi yake kama kanuni inavyotaka. Wifi akasema, "Lo!" akajiziba mdomo kwa ukingo wa kanga. Mzee wa duka akasoma, akakohoa, akaanza kuitazama feni ya darini. Nilikuwa nangoja aseme neno. Anitukane, anilaani, alie, aniambie haidhuru. Nilikuwa tayari kwa lolote.

Alinirudishia karatasi. "Hujatia tarehe," akasema.

"Nitie ya leo, au ya siku ile nilipolizuia?"

"Ya leo. Siku ile hukuandika kweli."

Nikatia tarehe. Nikalitoa jina kwenye orodha, nikaliandika kwake, nikampa cheti chake. Alikisoma tangu juu hadi chini, kama anavyosoma kila kitu, akakikunja, akaniaga, akashuka ngazi zangu moja moja ameshika ukuta. Nami nilibaki nimekaa kwenye kiti kile, kibao kiko mlangoni, jina langu kwa herufi kubwa, na wallahi nilimwonea wivu kuliko siku zote.